Ushahidi wa Mawe na Ushahidi wa Urithi

Tumeletewa suali na ndugu zetu wa Hadado, upande wa magharibi ya Wajir, nasi hatukuona vyema kulijibu kwa maneno mawili mlangoni mwa msikiti kisha tukaliacha lipotee. Ndani yake mna mambo ya ilimu, na ya imani, na ya heshima ya mtu, na huenda hata ya roho ya mtu.

Suali lenyewe ni hili. Kijana mmoja wa kidato cha nne, ambaye asubuhi husoma shule na jioni huketi duksi, aliulizwa katika mtihani wa majaribio wa biolojia aeleze namna visukuku na urithi vinavyotoa ushahidi juu ya mageuko ya viumbe. Akaliacha suali hilo jeupe, asiandike hata herufi. Baba yake alipomuuliza sababu, akasema amesikia kwa maalim wake kwamba kuandika jibu lile ni kukufuru, na kwamba mwalimu anayesomesha mlango ule ni kafiri. Mwalimu huyo si mwenyeji wa huku; ni Muislamu aliyetoka pwani, naye husali saffu ya mbele pamoja nao. Baba amekuja na mambo matatu: je, ni haramu kujifunza ilimu hii? Je, yasemwayo ndani yake ni kweli? Na je, neno aliloitwa mwalimu ni la haki?

Twaanza na lile la pili, kwani hayo mengine yanalitegemea. Mtu hawezi kuhukumu shahidi kabla hajamsikiliza. Na ilimu hii ya uhai wa kale ina mashahidi wawili: mawe, na urithi. Tuwasikilize mmoja mmoja, kama kadhi anavyosikiliza, bila ya kumchekea huyu wala kumkunjia uso yule.

Shahidi wa kwanza ni kisukuku, yaani mfupa, au kombe, au alama ya kiumbe iliyozikwa na tope ikageuka jiwe. Watu wa huku hawana haja ya kusafiri mbali kumtafuta. Katika mawe ya chokaa ya Mandera, nchi ambayo mbuzi hutafuta majani asiyaone, mna makombe ya viumbe vya bahari yaliyogandamana ndani ya jiwe. Bahari iko mamia ya kilomita kutoka pale. Wataalamu wa miamba waliyapima na kuyaeleza mawe hayo tangu katikati ya karne iliyopita, nao wasema ni ya zama waziitazo Jurasiki, ambazo zilikwisha takriban miaka milioni 145 iliyopita. Wachungaji wetu huyakanyaga kila siku kwa kandambili zao.

Asije mtu akasema kwamba haya ni maneno ya Wazungu. Mwanachuoni wetu Abu Rayhan al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 416 wa Hijria (1025), alieleza kwamba jangwa la Arabuni lilikuwa bahari zamani, na dalili aliyoitoa ni kwamba watu wanapochimba visima hukuta makombe, na wakivunja mawe hukuta makombe mengine ndani yake. Hakuwa na darubini wala maabara. Alitazama kilichotoka kisimani, akafikiri. Na sisi watu wa Wajir, ambao hatungeweza kuishi siku moja bila ya visima, ni mara ngapi tumekitazama kilichotoka humo zaidi ya maji?

Umri wa mawe hupimwa namna gani? Wengi hudhani watu hukisia tu. Sivyo. Majivu ya milima ya moto huwa na fuwele ndogo ziitwazo zirikoni, na ndani ya fuwele hizo mna madini ya urani, nayo hugeuka risasi kidogo kidogo kwa mwendo usioharakishwa na joto wala kucheleweshwa na baridi. Nusu ya aina yake moja hugeuka kwa muda wa miaka bilioni 4.47. Basi mtu akipima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, ajua fuwele ina umri gani. Na kisukuku kilichokaa baina ya tabaka mbili za majivu umri wake hauwezi kutoka nje ya umri wa tabaka hizo. Ni hesabu, na hesabu haina dini.

Kwa njia kama hii yajulikana kwamba athari kongwe za uhai zinazokubaliwa na wengi ziko katika nchi ya Pilbara, magharibi ya Australia, nazo zina takriban miaka bilioni 3.5, yaani milioni elfu tatu na mia tano. Si mifupa, kwani wakati huo hakukuwa na kiumbe chenye mfupa. Ni mawe yenye tabaka nyembamba nyingi, kama kurasa za kitabu kikongwe, yaliyojengwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vilinasa tope na chokaa, tabaka juu ya tabaka. Mawe haya huitwa stromatoliti. Na hapa Kenya, kandokando ya maziwa ya Magadi na Bogoria, zimekutwa stromatoliti zilizofanywa na vijidudu vya namna hiyo, ingawa hizo ni changa mno zikilinganishwa na za Australia.

Lakini shahidi huyu ana aibu zake, nasi hatutazificha. Kiumbe laini hakigeuki jiwe ila kwa nadra. Kwa zaidi ya robo tatu ya muda wote ambao uhai umekuwapo juu ya ardhi, viumbe karibu vyote vilikuwa vijidudu laini vya aina hiyo, vikafa bila ya kuacha jina. Tena jiwe huweza kumdanganya mtu. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba wameona stromatoliti za miaka bilioni 3.7 huko Greenland; mwaka 2018 wenzao wakaenda kuyatazama mawe yale yale, wakasema kwamba umbo lile limefanywa na kukunjwa na kuminywa kwa mwamba, si na uhai. Wako miongoni mwa vijana wetu wanaocheka wasikiapo hayo, wakisema: tazameni, leo wasema hili na kesho wasema lile! Twawaambia: nyinyi mmesoma ilimu ya hadithi. Hamkufundishwa jarh na taadili, namna maimamu walivyokuwa wakiwachambua wapokezi, huyu akubaliwe na yule atupwe? Je, kuchambua kule kulikuwa ni udhaifu wa ilimu ya hadithi, au ndiko kulikoifanya kuwa ilimu?

Shahidi wa pili ni urithi, na huyu ndiye mgeni kwetu, kwa hivyo tutakaa naye zaidi.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili, iwe ya mtu au ya ngamia au ya mgunga, mna uzi mwembamba uitwao DNA, na juu ya uzi huo yameandikwa, kwa herufi nne tu, maagizo ya kuujenga mwili. Kiumbe kinapozaa hunakili uzi huo kumpa mwanawe. Na kila anayenakili hukosea mahali, hata akiwa mwangalifu namna gani.

Hapo ndipo mtu wa duksi atakapoelewa upesi kuliko mtu wa shule. Tuchukulie kwamba kitabu kimoja cha fiqhi kilinakiliwa kwa mkono Lamu, na kutokana na nakala ile zikanakiliwa mbili, moja ikaenda Siyu na moja ikaenda Barawa, na kila moja ikazaa nyengine. Mwandishi wa Siyu akaruka neno moja katika ukurasa wa kumi. Nakala zote zilizotokana na yake zitalikosa neno lile pale pale, na zile za Barawa zitakuwa nalo. Baada ya miaka mia mbili mtu akiziweka mkekani nakala ishirini, hata kama hazina tarehe wala jina la mwandishi, ataweza kusema: hizi ni za ukoo mmoja, na hizi ni za ukoo mwengine, na hii imetokana na ile. Kosa lenyewe ndilo shahidi. Watu wawili waweza kuandika sawasawa kwa sababu wote wawili wamepatia. Lakini wakikosea makosa mia yale yale, mahali pale pale, hakuna mwenye akili atakayesema hawakunakili kwenye asili moja.

Na watoto wetu, ambao kabla ya kuota meno ya pili huwa wamehifadhi abtirsi ya babu kumi na zaidi, wajua vyema kwamba mahali majina yanapoanza kuwa mamoja ndipo ukoo ulipokutana.

Kwa njia hii wataalamu wameweza kuuliza habari za viumbe ambavyo havikuacha jiwe lolote. Mwaka 1977 Carl Woese na mwenzake George Fox, huko Illinois nchini Marekani, walilinganisha kipande kimoja cha maandishi ambacho kila kiumbe hai kinacho, kwa kuwa ni sehemu ya kile chombo kinachoyasoma maagizo ya urithi. Wakakuta kwamba miongoni mwa vijidudu ambavyo watu wote walikuwa wakiviita bakteria, mna kundi zima ambalo ukoo wake ni mbali na bakteria. Kundi hilo huitwa arkea, na wengi wao hupenda mahali pa taabu, kama maji yachemkayo na chumvi kali; chemchemi za moto za Bogoria ni maskani yao. Vilevile mwaka 1967 Lynn Margulis alisema kwamba vile vyombo vidogo ndani ya seli zetu vinavyoutia mwili nguvu, viitwavyo mitokondria, asili yake ni bakteria waliomezwa na seli nyengine wakakaa humo kwa manufaa ya pande zote mbili. Makala yake yalikataliwa na majarida mengi kabla ya kuchapwa. Baadaye uzi wa mitokondria uliposomwa, kwani zina uzi wao wenyewe, ukaonekana ni wa ukoo wa bakteria. Wakanyamaza waliocheka.

Anayetaka dalili asiyoweza kuibishia na aende katika hospitali yoyote iliyo karibu naye, wanakopewa dawa wazee wetu wenye ugonjwa wa sukari. Insulini wanayojidunga wengi wao haikutoka kwa mnyama. Mwaka 1978 wataalamu waliitengeneza jeni ya binadamu inayoagiza insulini, wakaitia ndani ya bakteria, na bakteria akaisoma akatengeneza insulini ya binadamu. Dawa ikaanza kuuzwa 1982. Bakteria angewezaje kuisoma barua iliyoandikwa kwa ajili ya mtu, lau lugha ya urithi haikuwa moja kwa viumbe wote, ila tofauti chache ndogo ndogo? Mzee akisema baada ya sala kwamba habari za asili moja ya viumbe ni porojo, kisha arejee nyumbani ajidunge, twamuombea afya. Lakini hoja yake imo ndani ya sindano yake, nayo yampinga.

Naye shahidi huyu twamtia kasoro anapozidisha. Mwaka 2024 wataalamu, wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Bristol, walitoa hesabu kwamba yule mzazi wa mwisho anayeshirikiwa na viumbe vyote vilivyo hai leo aliishi takriban miaka bilioni 4.2 iliyopita, na alikuwa na maagizo ya kutengeneza kiasi cha protini 2,600. Ni kazi kubwa na ya ustadi. Lakini msomaji na ajue kwamba urithi pekee hautaji miaka. Hutaja nani ni ndugu wa nani, na nani yu karibu na nani yu mbali; miaka huipata kwa kuyauliza mawe, kwa kuchukua visukuku vyenye umri unaojulikana na kuvifanya vipimo vya mwendo wa makosa. Basi mtu anaposema kwamba mashahidi wawili wamekubaliana juu ya tarehe, yatupasa tuulize: je, huyu hakunong'onezwa na mwenzake? Katika nasaba hawakunong'onezana. Katika tarehe wameshauriana. Kwa hivyo ile ya nasaba twaiita karibu na yakini, na ile ya bilioni 4.2 twaiita dhana yenye nguvu, na kila moja ina mahali pake. Ama namna uhai wenyewe ulivyoanza, kabla ya mzazi huyo, kutoka katika kisicho hai, hapo hakuna aliye na jibu lililothibiti, na mwenye insafu miongoni mwao hukiri hivyo.

Tupige mfano wa mnyama tumjuaye, ili mtu aone mashahidi wawili wanaposimama pamoja. Katika Suratul Ghashiya tumeelekezwa kumtazama ngamia na namna alivyoumbwa, na sisi twamtazama tukihesabu maziwa na bei ya Garissa, basi. Mawe yasema kwamba jamii ya ngamia ilianza Marekani ya Kaskazini, zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, na kwamba kwa muda mrefu sana haikuwapo mahali pengine. Kiasi cha miaka milioni sita au saba iliyopita baadhi yao walivuka kuingia Asia, wakati ardhi ya Alaska na ya Siberia ilipokuwa imeungana. Wengine wakashuka kusini. Waliobaki kwao wakatoweka mwishoni mwa zama za barafu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipande vya mfupa vilivyookotwa katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada, vyenye miaka milioni tatu na nusu hivi, vilikuwa na protini ambayo haijaoza, na protini hiyo ilipolinganishwa na ya wanyama walio hai ikakutwa ni ya ngamia, tena mkubwa kuliko hawa wetu. Kwa hakika mchungaji wa Hadado akiambiwa kwamba mnyama wake ana jamaa waliolala kwenye theluji atacheka. Lakini mwambieni atazame zile nyayo pana zisizozama mchangani, na ajiulize kama hazingefaa pia kwa theluji.

Ikiwa habari hiyo ya mawe ni kweli, basi wale wanyama wadogo wa milima ya Marekani ya Kusini waitwao lama, wasio na nundu, watakuwa ni binami za ngamia, wa koo zilizoachana zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita. Urithi ulipoulizwa ukasema ndivyo. Na Januari 1998 huko Dubai, katika kituo cha uzazi wa ngamia, madaktari walichukua mbegu ya ngamia dume wakamtia lama jike, akazaliwa mtoto, wakamwita Rama. Je, mbuzi amewahi kumzalisha punda? Tena mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa ngamia zaidi ya elfu moja wa nchi 21, pamoja na mifupa ya kale, ukaonyesha kwamba ngamia wa nundu moja alifugwa kwanza katika pande za kusini mashariki ya Arabuni, na kwamba ngamia wa Afrika ya Mashariki ni kundi lenye alama zake mbali. Mawe, na protini, na uzi, na tumbo la lama: wanne hawa hawakukaa baraza moja wakapatana uongo. Wasomi wetu huiita tawaturi habari iliyopokewa kwa njia nyingi ambazo haziwezekani kuafikiana juu ya uongo, nayo huleta yakini. Hatuoni kwa nini kanuni hiyo ifae msikitini na isifae maabara.

Mpaka hapa aghlabu ya watu hawana ugomvi. Ugomvi huja kwa binadamu, nasi hatutapita pembeni.

Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu wakati huo na bado jicho lake lilikuwa likiwashinda wenye shahada, aliona kipande cha mfupa huko Nariokotome, magharibi ya ziwa Turkana, na ikapatikana karibu mifupa yote ya kijana wa kale, mwenye umri wa miaka milioni moja na nusu au zaidi kidogo. Mifupa hiyo ipo, imehifadhiwa Nairobi. Kuikana ni kukana jua. Na urithi una neno zito zaidi. Ngamia hujitengenezea vitamini C mwilini mwake, ndiyo maana wachungaji wetu wanaweza kukaa wiki nyingi nyikani kwa maziwa yake tu na fizi zao zisioze. Sisi hatuwezi. Lakini jeni ya kuitengeneza imo ndani yetu, imeharibika, kama ukurasa uliochanika. Na kwa sokwe pia imo, imechanika kwa namna hiyo hiyo. Tumetangulia kusema habari za makosa ya wanaonakili. Tungekuwa wadanganyifu kama tungeliitumia hoja ile kwa ngamia na lama, kisha tukaificha chini ya mkeka ilipofika kwetu.

Waislamu wamejibu kwa njia mbalimbali. Wako wanaokataa yote. Wako wanaokubali yote yaliyothibiti juu ya mawe na viumbe, nao huamini kwamba kuumbwa kwa baba yetu Adam ni jambo la kipekee tulilolijua kwa wahyi, na mawe hayana kauli juu yake kwa kukanusha wala kuthibitisha, kama vile daktari asivyo na kauli juu ya kuzaliwa kwa Isa bila ya baba. Na wako wanaosema kwamba udongo uliotajwa una safari ndefu ndani yake, na kwamba njia ya kuumba ni ya Muumba kuichagua. Sisi twaelekea kwa kundi la pili. Ndilo lililo karibu na tuliyoyapokea kwa masheikh wetu, wala halitulazimishi kukana mfupa wowote. La tatu hatulifuati, lakini hatumtoi mtu katika Uislamu kwa ajili yake. La kwanza ndilo tunaloliogopea zaidi, ingawa wenyewe hujiona ndio walinzi wa dini.

Sababu ya kuogopa kwetu aliieleza Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria (1111), katika utangulizi wa kitabu chake Tahafut. Aliwazungumza watu waliodhani ni katika dini kubishana na wanaohesabu kupatwa kwa jua na mwezi, akaonyesha kwamba mtu huyo ameiumiza dini. Kwani aliyeijua hesabu ile na kuihakikisha, akiambiwa kwamba dini yaipinga, hataitilia shaka hesabu bali ataitilia shaka dini. Na Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham, katika Risala yake ya mwaka 1888, aliposikia habari za Darwin hakuzikubali kwa kuwa aliona bado ni dhana, lakini alisema kwamba likithibiti jambo kwa dalili ya yakini, Waislamu wataweza kuyafahamu maandiko kwa njia inayowafikiana nalo bila ya kuvunja imani. Sheikh yule wa karne ya kumi na tisa alikuwa na kifua kipana kuliko wengi wetu wenye simu mkononi.

Sasa la tatu, neno aliloitwa mwalimu.

Kumwita Muislamu kafiri si tusi la sokoni. Mtume wetu ametuonya kwamba neno hilo halibaki hewani. Humrudia mmoja wao wawili. Na lau mwalimu yule hangekuwa Muislamu, bado angekuwa mgeni wetu na mwalimu wa watoto wetu, na kumwekea alama mbele ya watoto ni khiyana. Katika nchi hii yetu twajua alama hiyo inapofikia. Novemba 2014 watu 28 walishushwa katika basi lililotoka Mandera wakauawa, na walimu wakiwa miongoni mwao. Aprili 2015 waliuawa 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, aghlabu wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada yake walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa, madarasa yakabaki na ubao na chaki. Hatusemi kwamba waliuawa kwa ajili ya biolojia. Twasema kwamba kabla ya risasi hutangulia neno, na neno lile ni hilo hilo moja. Wala tusimsahau mwalimu Salah Farah, Muislamu wa Mandera, aliyepigwa risasi Desemba 2015 kwa kukataa kutengwa na Wakristo waliokuwa naye basini, akafa Januari 2016. Yeye alijua nini kinachomlazimu kwa msafiri mwenzake. Basi twamwambia maalim wa Hadado, naye ni ndugu yetu na twamjua kwa wema na kwa kuhifadhi: lirudishe neno lile pale pale ulipolisemea, mbele ya watoto wale wale, kwani kosa la hadharani halifutwi faraghani.

Ama la kwanza, kujifunza ilimu hii si haramu. Suratul Ankabut imetuamrisha kusafiri katika ardhi na kuchunguza namna uumbaji ulivyoanza, na mtu atachunguzaje mwanzo kwa kufumba macho? Kijana na aandike anachoulizwa. Suali halikumuuliza anaamini nini. Limemuuliza ushahidi ni upi, na kusimulia ushahidi si kukufuru, kama vile kadhi anaposoma maneno ya shahidi hawi yeye ndiye aliyeyashuhudia. Na aandike kwa ukamilifu, na kwa kuelewa, si kwa kukariri. Mtihani ule ulikuwa wa majaribio. Wa taifa u mbele yake, na Wajir ina haja ya madaktari wa watu na wa mifugo, na mlango huo hafungui mtu aliyeacha karatasi nyeupe.

Tumezungumza na mwalimu na maalim wote wawili, nao wameridhia kuketi pamoja baada ya Isha, Alhamisi ya mwanzo wa mwezi ujao, wanafunzi wa shule na wa duksi wakiwapo. Ndugu mmoja anayekuja na lori kutoka Mandera ameahidi kutuletea jiwe la chokaa lenye kombe ndani yake, ili kila mtu alishike kwa mkono wake. Wenye masuali na wayaandike wayalete mapema, na wanaotupinga waje pia, watapewa nafasi ya kusema kabla yetu.